Endoskopu Haifyonzi: Soma Geji Kabla ya Kuagiza Vali Mpya

Malalamiko ya kufyonza humfikia fundi vifaa tiba yakiwa yameshahukumiwa: "Vali imekufa, tuagizie nyingine." Mara nyingi vali haina kosa. Inalaumiwa kwa sababu ndiyo inayokaa chini ya kidole cha daktari. Mfuniko wa chupa ya uchafu uliokaa upande hauonekani, na kofia ya mlango wa biopsi (tundu la kupitishia vifaa) iliyochanika haipigi kelele. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, chanzo cha kawaida kikitangulia. Unahusu endoskopu, yaani mirija yenye kamera ya kuangalia ndani ya mwili, za tumbo na za utumbo mpana zenye vali ya kufyonza inayochomolewa. Wanaosanifu au kukereza vali za majaribio nao watakuta vipimo vyao humu, maana dalili nyingi zina mzizi kwenye pistoni na matundu yake.

Kwanza, hewa inapita wapi

Pampu huvuta kupitia chupa ya uchafu, mpira, kiunganishi cha upande wa taa, kisha kamba kuu ya endoskopu hadi kwenye silinda ya vali katika kishikio. Kutoka hapo njia inashuka kwenye mfereji wa vifaa hadi kwenye ncha. Mlango wa biopsi unaungana na mfereji huo chini kidogo ya silinda, kwa hiyo ukivuja unapunguza kufyonza hata kama vali ni mpya kabisa.

Pampu huachwa ikiunguruma muda wote wa kipimo. Vali ikiwa imepumzika, pampu huvuta hewa ya chumba kupitia matundu ya juu ya vali, na njia ya kwenda kwa mgonjwa inabaki imezibwa na mwili wa pistoni. Ukibonyeza, matundu ya hewa yanafungwa na tundu la pembeni la pistoni linakaa sawa na mlango wa mfereji. Ukiachia, springi inairudisha juu. Ule mlio mwembamba wa hewa vali ikiwa imepumzika ni wa kawaida. Usiuzibe kwa plasta, kama wengine wanavyofanya ili "kuongeza nguvu". Kwa kufanya hivyo wanamfyonza mgonjwa bila kujua.

Jaribio la geji

Hili ndilo la kufanya kabla ya kufungua chochote. Linafanyika mezani, kwa endoskopu iliyokwisha kusafishwa na kuuliwa vijidudu, ukiwa umevaa glavu. Lisifanyike kabisa endoskopu ikiwa ndani ya mgonjwa.

1. Washa pampu, kunja mpira kwenye ncha inayokwenda kwenye endoskopu, ngoja sindano ya geji ya pampu itulie. Andika namba hiyo. Tuiite kipimo cha juu.
2. Unganisha endoskopu, vali ikiwa imepumzika. Geji ishuke sana, maana hewa inaingia kwa uhuru.
3. Ziba tundu la mfereji kwenye ncha kwa kidole, bonyeza vali. Geji ipande karibu na kipimo cha juu. Isipopanda, kuna mahali panavuja.
4. Bado umebonyeza, funika kofia ya biopsi kwa kidole kingine. Geji ikipanda sasa, umepata mwizi: badilisha kofia.
5. Isipopanda, chomoa vali na uzibe mdomo wa silinda kwa dole gumba, ncha na mlango wa biopsi vikiwa bado vimezibwa. Ikipanda, uvujaji uko kwenye vali. Isipopanda, rudi kwenye viungo vya mpira na kiunganishi, na kama hivyo ni vizima, shuku uvujaji ndani ya endoskopu yenyewe.
6. Sasa jaribu kinyume: ncha wazi, vali imebonyezwa. Geji ikibaki juu, kuna kuziba. Chomoa vali, acha silinda wazi. Ikishuka, kuziba kuko chini ya silinda, kwenye mfereji wa vifaa. Ikigoma kushuka, kuziba kuko kati ya pampu na silinda.

Hatua ya nne na ya tano zinahitaji mikono mitatu. Mwite sista akusaidie, na yeye ajifunze hapo hapo.

Kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya pampu havilisemi. Geji husoma tofauti kati ya hewa ya chumba na ndani ya chupa, na hewa ya Nyanda za Juu Kusini ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Mbeya, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, shinikizo la hewa ni kama kilopaskali (kPa) 82 badala ya 101 za usawa wa bahari. Pampu iliyoandikwa kPa 90 itaishia karibu na 73 hapo, na Njombe itashuka kidogo zaidi. Pampu haijaharibika, na hakuna skrubu ya kukaza itakayobadilisha hilo. Kwa hiyo usilinganishe na namba ya kiwandani. Linganisha na namba uliyoiandika mwenyewe siku pampu ilipofungwa ikiwa nzima. Kama haikuandikwa, ipime leo baada ya kusafisha kila kitu, ibandike ubavuni mwa pampu.

Dalili: inafyonza kidogo au haifyonzi kabisa

Anzia kwenye chupa. Mfuniko uliokaa upande, mpira wa mfuniko uliokauka na chupa iliyojaa mpaka boya likafunga njia ndivyo vyanzo vya kwanza. Kinachofuata ni kichujio cha kuzuia maji kati ya chupa na pampu. Kikilowa hata mara moja hufunga hewa, na hakikaushwi kikarudi kazini, kinabadilishwa. Angalia pia mpira uliobanwa na gurudumu la toroli, na mpira laini unaojikunja wenyewe ukivutwa. Huu wa mwisho unadanganya kwa sababu pampu ikizimwa unarudi kuwa mduara.

Kisha kofia ya biopsi. Inachakaa haraka kuliko sehemu nyingine yoyote ya njia hii, kwa kuwa fosepsi, koleo ndogo ya kuchukulia kipande cha nyama, hupita ndani yake tena na tena. Ikiwa mpasuko wake wa kati haufungi ukiwa mkavu, itupe.

Umeme mdogo nao umo. Jioni voltiji ikishuka, mota ya pampu inapunguza mwendo na kiasi cha hewa kinachovutwa kinapungua, ingawa geji ikiachwa muda mrefu inaweza bado kufika juu. Ndiyo maana geji peke yake haitoshi: pima pia muda wa kufyonza mililita 200 za maji safi kutoka kwenye kikombe, uandike pembeni ya kipimo cha juu.

Kama kuna fosepsi ndani ya mfereji, kupungua ni hali ya kawaida. Fosepsi yenye kipenyo cha milimita 2.3 ndani ya mfereji wa milimita 2.8 inaacha upenyo mwembamba tu pembeni. Itoe kabla ya kulalamika.

Sasa kuziba kwenyewe. Kwa endoskopu ya tumbo ni kamasi nzito, damu iliyoganda na mabaki ya chakula cha mgonjwa ambaye hakufunga sawasawa. Kwa utumbo mpana maganda ya maharage na mbegu za nyanya ndivyo vinavyotesa zaidi. Pima uvujaji kwanza. Endoskopu ikiwa nzima, iloweke kwenye sabuni ya vimeng'enya kwa joto na muda ulioandikwa kwenye chupa ya sabuni. Ziba silinda kwa kidole, sukuma maji ya sabuni kwa sirinji ya mililita 50 kutoka mlango wa biopsi kwenda kwenye ncha. Kisha brashi. Kwenye endoskopu za Olympus brashi huingizwa kwenye tundu la ukuta wa silinda kwa mlalo wa nyuzi 45 ili ishuke hadi kwenye ncha, na moja kwa moja kwenye silinda ili ipite kamba kuu hadi kwenye kiunganishi. Wengi wanasafisha njia ya kwanza na kuisahau ya pili, nayo ndiyo inayoziba polepole kwa miezi bila mtu kujua. Rudia hadi brashi itoke safi.

Simama hapa: brashi ikikwama, usiivute kwa nguvu wala usiingize waya, spoku au kitu chochote cha chuma. Ukuta wa mfereji ukitoboka, maji yanaingia kwenye nyaya na nyuzi za mwanga, na tatizo la sabuni linageuka kuwa ununuzi wa endoskopu.

Vali yenyewe inakuja mwisho kwenye orodha hii. Iangalie kwa kioo cha kukuza: sketi ya mpira iliyopasuka, oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) iliyobonyea upande mmoja, mikwaruzo ya wima kwenye pistoni.

Dalili: inafyonza bila kubonyezwa

Daktari atasema tumbo halijai hewa, au utumbo unajikunja mbele ya kamera. Wengi hukimbilia vali ya hewa na maji. Chomoa kwanza vali ya kufyonza na uzibe silinda kwa kidole, mpira wa pampu ukiwa umechomolewa na mdomo wake kwenye kiunganishi umezibwa. Tumbo la majaribio, yaani glavu iliyofungwa kwenye ncha, likijaa sasa, hewa ilikuwa inapotelea kwenye kufyonza.

Chanzo cha kwanza ni vali ambayo haikukaa. Ikandamize mpaka sketi yake ishike ukingo wa silinda pande zote, izungushe kidogo uone kama inakaa kwenye mfuo wake. Cha pili ni vali ya modeli nyingine. Vali mbili za kampuni moja, zote zenye alama nyekundu, zinaweza kutofautiana urefu kidogo tu, na kidogo hicho kinatosha kuacha mfereji wazi. Kila endoskopu iwe na vali zake, zioshwe pamoja nayo na kuhifadhiwa pamoja nayo. Hilo linasaidia pia kufuatilia maambukizi yakitokea.

Cha tatu ndicho kinachowapita wengi: matundu ya juu yameziba. Sabuni iliyokaukia humo au kamasi ikiyaziba, pampu haina pa kuvuta hewa ya chumba. Shinikizo ndani ya silinda linashuka, na hewa ya mgonjwa inapenya kwenye nafasi kati ya pistoni na silinda. Vali ni nzima, springi ni nzima, na bado inafyonza. Safisha matundu kwa brashi ndogo chini ya maji, ukibonyeza na kuachia vali mara nyingi.

Kwa msanifu, hapa pana hesabu. Mfereji wa milimita 2.8 una eneo la milimita za mraba 6.2. Matundu ya hewa yakiwa manne ya milimita 2.5 yanatoa karibu 19.6, mara tatu ya mfereji, na hata tundu moja likiziba bado hewa ya chumba ina njia pana. Ukitoboa mawili ya milimita 1.5 kwa sababu yanapendeza, umepata 3.5 tu, na vali yako itafyonza yenyewe tangu siku ya kwanza.

Dalili: vali inakwama chini au inarudi polepole

Asilimia kubwa ya lawama hapa ni uchafu uliokauka. Endoskopu ikitoka kwa mgonjwa inatakiwa ifyonze maji ya sabuni pale pale kitandani hadi mpira uonyeshe maji safi. Ikiachwa isubiri mgonjwa wa tatu, protini inakauka kwenye pistoni na kushika kama gundi. Loweka, bonyeza mara nyingi ndani ya maji, suuza, kausha.

Kausha kweli. Mwezi wa sita na wa saba, Njombe na Makete, kitu kilicholowa jioni utakikuta kimelowa asubuhi. Tumia hewa ya kompresa yenye kichujio, usitegemee kuning'iniza.

Kinachofuata ni mafuta. Vali nyingine huhitaji mafuta ya silikoni kidogo, nyingine hazitakiwi mafuta kabisa, fuata kitabu cha modeli. Mafuta ya petroli ya kujipaka ni adui: hufanya mpira wa EPDM (aina ya mpira wa kiwandani) uvimbe, na oringi iliyovimba ndiyo breki yenyewe. Mafuta ya silikoni nayo huvimbisha mpira wa silikoni, kwa hiyo "mafuta ya hospitali" si jibu la kila vali.

Springi iliyochoka huja baada ya hayo. Hebu tuone inapambana na nini. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 8 ina eneo la milimita za mraba 50. Ikibonyezwa, juu yake kuna hewa ya chumba na chini kuna mvuto wa kPa 60. Nguvu inayoivuta chini ni niutoni 3, karibu na uzito wa gramu 300. Springi isiyozidi hapo, ukijumlisha na msuguano wa mpira, haitairudisha. Lakini ukiweka springi ngumu mno, kidole cha daktari kitachoka kabla ya kipimo cha utumbo mpana kwisha, naye ataacha kufyonza inapotakiwa. Pima nguvu ya kurudi pampu ikiwa inavuta. Vali inayorudi vizuri mezani bila pampu haijathibitisha kitu.

Usivute springi kuirefusha. Itarudi na nguvu kwa siku chache kisha itakwama katikati ya kazi.

Dalili: majimaji yanatoka juu ya vali

Hapa usifanye majaribio. Zima pampu. Angalia kwanza kama mpira umechomekwa kwenye mdomo wa kuvutia na si wa kutolea hewa, kosa linalotokea baada ya usafi wa chumba. Mpira ukiwa upande wa kutolea, pampu inapuliza hewa na uchafu kurudi kwa mgonjwa na usoni mwa daktari. Mgonjwa akiwa mezani, ondoa mpira na daktari aamue la kufanya. Tumbo au utumbo uliojazwa hewa kupita kiasi unaweza kupasuka.

Kama mpira uko sawa, angalia chupa iliyofurika, kisha sketi ya vali iliyochanika. Matone machache yanayobaki juu baada ya kuachia si ajabu kwenye vali iliyochakaa, lakini ni ishara ya kuibadilisha, na daktari avae kinga ya macho.

Kwa wanaokereza vali za majaribio

Karakana za Mbeya zina wakerezaji wazuri, na kipande kinaonekana rahisi. Ugumu uko kwenye nafasi. Uvujaji kwenye nafasi kati ya pistoni na silinda hupanda kwa kipeo cha tatu: nafasi ya milimita 0.04 inavujisha mara nane ya 0.02. Pistoni ikilalia upande mmoja, uvujaji unaweza kufika mara mbili na nusu ya ule wa pistoni iliyo katikati. Kalipa haitoshi kwa kazi hii, tumia mikromita.

Malalamiko mawili yanajirudia. La kwanza: "Ilikuwa laini, ikakaza ilipopata joto." Hiyo ni pistoni ya asetali, plastiki ngumu, ndani ya silinda ya chuma kisichoshika kutu. Kutoka nyuzi 20 za asubuhi hadi 37, asetali ya milimita 8 inatanuka karibu milimita 0.012 zaidi ya chuma, zaidi ya nusu ya nafasi yako ya 0.02. Tumia PEEK, plastiki nyingine ngumu, ambayo tofauti yake ni kama theluthi ya hiyo, au chuma kwa chuma chenye oringi. La pili: "Haivuji lakini ni nzito." Oringi imebanwa mno. Kwa oringi ya unene wa milimita 1 inayotembea, mbano wa 0.10 hadi 0.15 unatosha. Ondoa kingo kali kwenye tundu la pembeni, la sivyo linaikata oringi kila linapopita.

Jaribu kwenye silinda yako mwenyewe ya mezani. Usilinganishe kwa kusugua silinda ya endoskopu halisi kwa msasa, na vali ya karakana isiingie kwa mgonjwa hata ikipita majaribio yote ya humu. Kuthibitisha kwamba inasafishika, inastahimili otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) ya nyuzi 134 na haidhuru mwili ni kazi tofauti, na kifaa tiba kinapita TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, kabla ya kutumika.

Pale unapoachia mtaalamu wa kiwanda

Kipima uvujaji kikionyesha mapovu yanayoendelea, endoskopu isitumike na isilowekwe tena. Hali ni hiyo hiyo picha ikiwa na ukungu wa ndani, silinda ikiwa na mkwaruzo unaohisiwa kwa ukucha, brashi ikiwa imekwama, au jaribio la geji likionyesha uvujaji huku vali, kofia na mpira vikiwa vizima. Isafishe na kuiua vijidudu kwa njia ambayo mtengenezaji ameruhusu kwa endoskopu inayovuja, kisha andika karatasi ya kusafiri nayo: kipimo cha juu cha geji, namba ya kila hatua kati ya zile sita, muda wa mililita 200, na modeli ya vali iliyotumika. Vali na kofia ziende pamoja nayo kwenye mfuko wake. Mtaalamu akipokea endoskopu bila vali iliyolalamikiwa, atapima kwa yake, atasema ni nzima, na mtarudishiwa ilivyo.